Vyura wamenyamaza Utange: ni tabianchi au ni dimbwi?

*"Tunakaa Utange, Kisauni, Mombasa, si mbali na timbo la zamani la mawe lililoachwa. Nilipokuwa mdogo, masika ikianza vyura hawakutuacha tulale. Miaka ile ya ukame, 2020 hadi 2022, palikuwa kimya kabisa. Novemba 2023, baada ya mvua kubwa, wakatokea kwa maelfu. Vyura wachanga walijaa uani mpaka jikoni. Sasa ni misimu miwili tena hatuwasikii sawasawa. Kaka yangu anasema ni mabadiliko ya tabianchi na vyura wanaisha duniani. Jirani anasema wamehama tu. Mama mkwe anashukuru, maana anaamini mkojo wa chura unawapa watoto chunjua. Mimi nataka warudi. Je, ni hali ya hewa kweli? Na nikichimba dimbwi langu, niweke samaki wa kula mbu kama nilivyoshauriwa?"*

Ndugu yangu, maswali yako ni mawili yaliyofungwa pamoja: kama kimya hicho kimeletwa na hali ya hewa, na kama lipo la kufanya uani kwako. Kwa ufupi, hali ya hewa imo, lakini haimfikii chura moja kwa moja. Inampitia kwenye jambo moja unaloweza kulipima kwa kijiti na daftari, nalo ni siku ambazo maji hukaa dimbwini bila kukauka. Na kabla hatujafika huko, jua kwamba misimu miwili ya kimya haithibitishi kuwa vyura wameisha, kama vile kelele za Novemba 2023 hazikuthibitisha kuwa mambo yametengemaa.

Chunjua kwanza, tuliondoe njiani. Chunjua huletwa na virusi vya binadamu vinavyopita kutoka ngozi ya mtu hadi ya mwenzake. Chura hana virusi hivyo. Vile vipele vya mgongoni ni tezi za ngozi yake, na kile anachokumwagia ukimshika ni maji aliyojiwekea akiba. Lakini mama mkwe hajakosea kuwa na hadhari. Chura mkubwa wa vipele ana tezi mbili nene nyuma ya macho, na utomvu wake mweupe huwasha macho na unaweza kumdhuru mbwa au paka anayemng'ata. Mtoto aliyemshika anawe kwa sabuni kabla ya kugusa macho au chakula. Mbwa akitoka mate mengi mdomoni, mfute ufizi na ulimi kwa kitambaa kibichi mara kadhaa, usimmiminie maji kooni. Akianza kutetemeka au kuyumba, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa ile ile.

Sasa la kuhama. Chura si ndege. Wengi huishi na kufa ndani ya mita mia kadhaa kutoka maji walikozaliwa, na wachache, hasa wachanga, ndio hufika kilomita moja au mbili. Ukame ukiingia, chura haendi Kwale, anaingia chini: kwenye mashimo ya panya, chini ya mizizi ya mkorosho, ndani ya nyufa za mawe ya matumbawe, chini ya pipa lako la maji. Yule chura wa mtini anayetaga ndani ya povu hata hashuki. Hukaa kwenye tawi juani, rangi imepauka karibu nyeupe, ngozi yake ikipoteza maji kidogo mno, na uchafu wa mwili huutoa ukiwa mzito, kama wafanyavyo ndege na mijusi, ili asipoteze maji kwa mkojo. Isitoshe, kwaya unayoisikia usiku ni ya madume peke yao, tena katika usiku wanaotafuta majike. Majike na wachanga hawamo. Kimya chaweza kuwa na vyura wengi ndani yake.

Basi kwa nini idadi yao hupanda na kushuka namna hii? Yai la chura halina ganda. Likitoka majini saa chache juani, limekufa. Akianguliwa, kiluwiluwi anapumua kwa mashavu kama samaki na hana namna ya kutembea nchi kavu mpaka miguu iote na mapafu yafanye kazi. Safari hiyo, kutoka yai hadi chura mdogo anayeruka, huchukua kama wiki tatu kwa aina zenye haraka, na hadi wiki tisa au zaidi kwa nyingine. Maji ya moto huiharakisha, na dimbwi linalopungua humfanya kiluwiluwi akimbilie kumaliza. Lakini aliyemaliza kwa haraka hutoka akiwa mdogo, na chura aliyetoka mdogo hukauka upesi, huliwa upesi, na akinusurika hutaga mayai machache.

Tupige hesabu ya dimbwi moja. Mvua imenyesha, maji yana kina cha sentimita 15, yaani milimita 150. Jua na upepo wa pwani huondoa kama milimita 5 kwa siku. Chini pana mchanga juu ya matumbawe, kwa hiyo maji hupenya. Tuseme milimita 5 nyingine. Bila mvua ya kuongezea, dimbwi hilo limekwisha siku ya 15. Viluwiluwi wanaohitaji siku 35 wote wamekufa, hata wangekuwa laki. Tena kabla halijakauka, linapobaki na sentimita tano, maji yake saa nane mchana huchemka kupita nyuzi 38 na hewa iliyomo hupungua, kwa hiyo wengi hawaifikii hata siku hiyo ya 15. Sasa weka mvua ya milimita 40 siku ya kumi, na nyingine siku ya ishirini, na nyingine siku ya thelathini, pamoja na maji yanayotiririka kutoka pembeni. Dimbwi lile lile, mayai yale yale, sasa vyura wachanga wanaingia jikoni kwako.

Ndiyo maana jumla ya mvua ya msimu haikwambii mengi. Milimita 300 zilizoshuka kwa siku nne na milimita 300 zilizogawanyika kwa wiki sita huandikwa sawa kwenye jedwali la mwezi, lakini kwa chura moja ni kifo na nyingine ni uhai. Hapa ndipo ongezeko la joto linapogusa kwa mkono. Kila nyuzi moja ya Selsiasi ikiongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvua inaponyesha hunyesha kwa kishindo, na jua linapowaka kati ya mvua mbili hukausha haraka kuliko zamani. Chura haumizwi sana na joto la wastani la mwaka. Huumizwa na mapengo kati ya mvua.

Turudi Utange na miaka uliyoitaja. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, sehemu kubwa ya Kenya ilipita misimu mitano mfululizo ya mvua hafifu, wakati La Niña, yaani maji ya Pasifiki kupoa kuliko kawaida, ilipodumu. Mwaka 2023 mambo yakageuka: El Niño, kinyume chake, ikaingia, na wakati huo huo upande wetu wa Bahari ya Hindi ukapata joto kuliko upande wa Indonesia. Hali hiyo ya bahari kuelemea upande mmoja ndiyo huipa vuli yetu nguvu. Ilitokea 1961, 1997 na 2019 pia, na wazee wa pwani watakueleza mafuriko ya miaka hiyo bila kufungua kitabu.

Lakini mvua peke yake haielezi yale maelfu. Ukame ulikuwa umekufanyia kazi ya pili: uliwaua maadui. Dimbwi likikauka kabisa, samaki hufa, na hufa pia watoto wa kerengende, ambao huishi majini na ndio wawindaji wakali wa viluwiluwi. Maji mapya yanapoingia kwenye udongo mkavu uliojaa majani yaliyooza, mwani huota kwa fujo, na mwani ndio chakula. Vyura wazima waliokuwa chini wakatoka usiku mmoja, wakakuta maji mengi, chakula tele na adui hayupo. Jike la chura mkubwa wa vipele hutaga maelfu ya mayai kwa mara moja, kwa nyuzi ndefu kama shanga nyeusi zilizozungushwa kwenye majani. Kwenye mayai 10,000, wakitoka wachanga asilimia nusu tu ni 50. Wakitoka asilimia tano ni 500. Tofauti hiyo ndogo ya asilimia, ukiizidisha kwa majike arobaini, ndiyo uliyoifagia jikoni.

Na baada ya hapo lazima waanguke. Wachanga wale wengi huliwa na kuku, nyoka, kunguru na yangeyange, au hukauka kiangazi cha kwanza, na waliobaki huhitaji msimu mmoja au miwili kabla ya kuanza kulia. Kwa hiyo kushuka kwa sauti baada ya mlipuko ni jambo la kutarajiwa. La kutia wasiwasi lingekuwa hili: mvua inyeshe vizuri, dimbwi lijae, lidumu wiki sita, na bado pawe kimya. Hilo hukulitaja, na ndilo ningetaka ulichunguze.

Jambo jingine, usiwaweke vyura wote kapu moja. Chura mkubwa wa vipele huishi miaka kadhaa. Msimu mbaya mmoja au miwili ataupitisha akisubiri. Wale wadogo wa matete, wanaong'ang'ania majani wakilia "tik, tik", wengi wao huishi mwaka mmoja tu au kuzidi kidogo. Misimu miwili ikiharibika kwa mfululizo, ukoo wao mahali hapo unaweza kufutika. Chura wa povu hupata nafuu kidogo: povu lake hukauka nje likabaki laini ndani, viluwiluwi hukaa humo siku nne hadi sita kisha hudondoka majini. Lakini wakidondoka kwenye matope yaliyopasuka, nafuu hiyo haina faida. Kuna aina ndogo ya misitu ya pwani, Mertensophryne micranotis, isiyohitaji dimbwi kabisa. Hutaga kwenye tundu la mti, ganda la konokono au kifuu cha nazi chenye maji ya kikombe. Wapo pia wanaotaga kwenye udongo wenye unyevu, na kwao viluwiluwi wa kuogelea hawapo.

Na kwa kuwa uko Mombasa, mjue jirani yako asiye na miguu. Boulengerula changamwensis, mnyama wa jamii ya amfibia kama chura lakini mwenye umbo la nyungunyungu, alipewa jina la Changamwe, alikotambuliwa na wanasayansi mwaka 1932. Huishi ndani ya udongo wenye majani, na anayelima huweza kumkata kwa jembe akidhani ni nyungunyungu mnene. (Jamaa yake wa vilima vya Taita hulea watoto wanaomla mama yao ngozi ya juu, na mama huotesha nyingine.) Huyu kwake hatari si dimbwi kukauka bali udongo kukauka na saruji kumwagwa juu yake.

Kaka yako anasema vyura wanaisha duniani. Ana hoja, ila inahitaji mpangilio. Tathmini ya dunia nzima iliyotolewa mwaka 2023, iliyopitia aina zaidi ya 8,000 za amfibia, iliona kwamba takriban asilimia 41 zimo hatarini kutoweka. Kwa aina ambazo hali yake ilizidi kuwa mbaya kati ya 2004 na 2022, tabianchi ndiyo iliyotajwa kuwa sababu kuu kwa asilimia 39. Huo ni uzito mkubwa. Ila takwimu ya dunia haiwezi kukuhukumia dimbwi moja la Utange.

Mfano bora wa kupima jambo hili uko mbali, Marekani, kwenye dimbwi la msimu liitwalo Rainbow Bay katika jimbo la South Carolina. Tangu mwaka 1978 watafiti walilizungushia uzio mfupi na ndoo zilizofukiwa, wakawahesabu amfibia wanaoingia na kutoka. Matokeo ya miaka kumi na miwili ya kwanza yaliwafunza watu kutulia: mwaka mmoja hakutoka mchanga hata mmoja wa aina fulani, mwaka mwingine wakatoka maelfu, na hakuna kilichoharibika isipokuwa mvua ilikuwa tofauti. Laiti wangeishia hapo wangesema hakuna tatizo. Walipofikisha miaka 26, ikaonekana kwamba aina nne zilikuwa zimepungua kweli, na sababu iliyolingana na hesabu zao ilikuwa ukame kufupisha siku za maji. Dimbwi lile lile lilitoa majibu mawili, kulingana na urefu wa daftari.

Kuna pia kisa kinachotajwa sana cha chura wa dhahabu wa Monteverde, Costa Rica. Mwaka 1987 walionekana zaidi ya 1,500 wakizaliana. Mwaka 1989 akaonekana mmoja. Baada yake hakuonekana tena. Wengi hukitumia kama ushahidi wa joto la dunia. Wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani ukame wa El Niño ulichangia na kwa kiasi gani ni kuvu wa ngozi anayeziba njia ya chura kupitishia maji na chumvi. Kuvu huyo hustawi zaidi kati ya nyuzi 17 na 25, ndiyo maana hunitia hofu zaidi nikifikiria vyura wa milimani kuliko wa Kisauni, ambako joto letu lenyewe humdhoofisha. Si kinga kamili, lakini ukisikia mtu akisema vyura wa Mombasa wanakufa kwa kuvu, mwulize kwanza ushahidi.

Nafikia sasa sehemu ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi kwa Utange. Zamani dimbwi lako likikauka na vyura wake kufa, palikuwa na timbo lenye maji nyuma, na bonde la mpunga kule, na kisima kilichobomoka pale. Vyura wachanga wa huko walisafiri usiku wa mvua wakaja kulijaza upya. Tabianchi ilikuwa inapiga, na jirani alikuwa anaokoa. Leo matimbo mengi yamefukiwa kwa kifusi na takataka, bonde limejengwa, na katikati pana barabara na kuta za mawe. Ukame uleule wa zamani sasa unaua kabisa, kwa sababu hakuna wa kuja kuziba pengo. Kwa hiyo nikiulizwa kama ni hali ya hewa au ni ujenzi, nasema ujenzi umeondoa dawa na hali ya hewa imeongeza ugonjwa. Na wakati mwingine hali ya hewa haina hatia kabisa: chura mdogo wa maporomoko ya Kihansi, Tanzania, alitoweka porini baada ya maji kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme kuanzia mwaka 2000 na ule ukungu wa maporomoko kukatika. Aliokolewa tu kwa sababu wachache walikuwa wamepelekwa kufugwa Marekani.

Kabla ya kuchimba chochote, chunguza dimbwi la timbo. Je, kuna mtu anayemwaga mafuta ya gari, dizeli au dawa ya kuua mbu? Mafuta machache tu juu ya maji humziba pumzi kiluwiluwi anayepanda juu kuvuta hewa. Je, maji yamekuwa ya chumvi? Visima vingi vya karibu na bahari huingiwa na maji ya chumvi vinapovutwa sana kwa pampu, na ngozi ya chura haina ulinzi dhidi ya chumvi. Je, pamewekwa taa kali juu ya maji? Madume hupunguza kulia chini ya mwanga mkali. Sababu hizi tatu zinaweza kukupa kimya katika msimu mzuri wa mvua bila tabianchi kuwa na mkono.

Kisha weka rekodi. Kata chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka, geuza sehemu ya juu iwe faneli, tia kokoto chini na maji mpaka mahali ulipoweka alama ya sifuri, kisha bandika rula. Iweke palipo wazi, mbali na mabati na miti, na usome kila siku saa tatu asubuhi, kisha mwaga mpaka kwenye sifuri. Simika kijiti chenye alama za sentimita pale dimbwi lilipo refu zaidi na uandike kina mara mbili kwa wiki. Mara moja kwa wiki, kuanzia saa moja na nusu usiku hadi saa tatu, simama mahali pale pale, nyamaza dakika tano ili wakuzoee, kisha sikiliza dakika tano na uandike namba: 0 hakuna sauti, 1 unaweza kuwahesabu mmoja mmoja, 2 sauti zinapandiana lakini bado unazitenga, 3 kwaya nzima, haihesabiki. Rekodi sekunde 60 kwa simu na taja tarehe mwanzoni kwa sauti yako. Kosa la kawaida ni kwenda kusikiliza usiku wa mvua kubwa peke yake. Rekodi yako itaonyesha kuwa vyura wapo daima. Nenda siku yako iliyopangwa, mvua au jua, na andika 0 zote. Hizo sifuri ndizo zenye thamani.

Ukipata misimu sita au zaidi, linganisha siku za maji na namba za kwaya. Namba zikipanda na kushuka pamoja na siku za maji, una vyura wazima wanaofuata mvua. Siku za maji zikiwa nyingi na namba zikiwa chini, tafuta kemikali, samaki au kufukiwa kwa maji ya jirani.

Kuhusu dimbwi lako, naliunga mkono kwa masharti. Lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2, na kina cha sentimita 50 katikati linatosha. Kingo za pande mbili fupi ziteremke polepole, kwa kila sentimita moja ya kwenda chini tatu za kwenda mbele, la sivyo vyura wachanga watazama wakishindwa kupanda. Juu ya matumbawe huwezi kutegemea udongo kushika maji. Tandika turubai nene la plastiki la kutengenezea mabwawa, juu ya mchanga uliochekechwa ili mawe yasilitoboe, na uifunike kwa sentimita tano za udongo. Dimbwi hilo litabeba takriban lita 1,500. Paa la mita 40 za mraba hutoa lita 40 kwa kila milimita ya mvua, kwa hiyo mvua ya milimita 40 inakaribia kulijaza. Acha maji ya kwanza yaliyoosha vumbi yamwagike pembeni. Maji ya mfereji yenye klorini yaache kwenye beseni wazi siku mbili kabla ya kuongezea, na maji ya kisima yaonje: yakiwa na ladha ya chumvi, usitumie. Panda matete na nyasi upande mmoja, upande mwingine uache wazi. Mwishoni mwa kaskazi, Februari au Machi, liache likauke kabisa kwa wiki mbili.

Samaki usiweke. Anayekula viluwiluwi wa mbu hula pia mayai na viluwiluwi wa chura, na wa chura ni wanono zaidi. Lakini usitarajie vyura wakumalizie mbu pia. Chura hula mchwa, mende na sisimizi zaidi ya mbu, na viluwiluwi wake hula mwani. Dimbwi dogo la juani linaweza kuzalisha mbu wa malaria, hili tuseme wazi. Ukiwa na nafasi ya kulikagua kila wiki, tumia dawa ya bakteria iitwayo Bti kwa kipimo kilichoandikwa. Inaua viluwiluwi wa mbu na haiwadhuru wa chura kwa kiwango hicho. Mwulize afisa wa afya ya umma wa eneo lako inapopatikana. Mbu wa dengi na chikungunya, ambao Mombasa inawajua vizuri, yeye hupenda mapipa, jerikeni na matairi, kwa hiyo funika hivyo hata kama dimbwi hulichimbi. Kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitano, weka uzio wa wavu kwanza; sentimita 50 zinatosha kumzamisha. Usipoweza uzio na ukaguzi wa kila wiki, acha kuchimba, nguvu yako uipeleke kwenye kulinda timbo lisifukiwe. Hilo lina faida kubwa kuliko madimbwi kumi kama lako.

Na usilete vyura kutoka Shimba Hills au kwingine kokote. Ile ni hifadhi, na ina aina ambazo hazipo mahali pengine. Na nje ya sheria, utakuwa unabeba magonjwa kwa ndoo. Maji mazuri yakiwepo na wazima wamebaki ndani ya kilomita moja, watayapata wenyewe usiku wa mvua.

Ukiwakuta vyura wengi wamekufa kwa pamoja, au wenye tumbo jekundu na miguu iliyolegea, usiwashike kwa mikono mitupu na usiruhusu kuku au watoto wakaribie. Piga picha, andika tarehe na harufu ya maji, na uwaarifu Huduma ya Wanyamapori ya Kenya. Maji yakiwa yananuka mafuta au kemikali, waarifu NEMA, mamlaka ya mazingira, pia. Kama kuna watu wanaoyachota kwa matumizi, anza na afisa wa afya. Na ukirekodi mlio usioutambua, rekodi hiyo ipeleke pamoja na picha ya mnyama na jina la mahali kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwenye kitengo chao cha wanyama watambaao na amfibia. Fort Jesus watakuelekeza. Chukua picha ya tumbo na ya paja la nyuma, siyo ya mgongo tu, maana kwa vyura wa matete rangi ya mgongo hubadilika kutoka usiku hadi mchana.